Hukumu imetolewa upande mmoja bila mimi kujua kuna kesi: siku 30 za kuomba itenguliwe zinaanza kuhesabiwa lini?

#1 Mwenye Geti
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa kisheria, na nitaeleza kwa utaratibu ili anayejibu asilazimike kukisia.

Jumatatu iliyopita nilirudi nyumbani nikakuta karatasi imebandikwa kwenye geti, ina muhuri wa mahakama na jina la dalali wa mahakama, ikinipa siku 14 nilipe shilingi 18,400,000 pamoja na gharama za kesi, la sivyo mali zangu zitakamatwa na kupigwa mnada. Kesho yake nilikwenda masjala ya Mahakama ya Hakimu Mkazi nikaambiwa kwamba hukumu ilitolewa siku 47 zilizopita, upande mmoja, kwa sababu niliitwa nikakataa kufika. Mdai ni mtu niliyefanya naye biashara ya mbao zamani. Sikatai kwamba kuna hesabu ambazo hatukuzimaliza, lakini anachodai ni zaidi ya mara mbili ya ninachokijua mimi, na samansi sijawahi kuitia machoni.

Karani alinieleza kwamba kuomba hukumu itenguliwe kuna siku 30 tu. Ikiwa zinahesabiwa tangu siku ya hukumu, basi ziliisha kabla sijajua kwamba nimeshtakiwa. Je, sheria inaweza kumhesabia mtu uchelewaji wa jambo ambalo hakulijua?

#2 Wakili wa Mkoani
Pole sana, mkuu. Kwa hapa Tanzania Bara, njia yako ni Amri ya IX, Kanuni ya 13 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33. Unaomba katika mahakama ileile iliyotoa hukumu, kwa maombi yanayoungwa mkono na hati ya kiapo, na unatakiwa kuthibitisha moja kati ya mambo mawili: kwamba samansi haikukufikia ipasavyo, au kwamba ulizuiwa na sababu ya kutosha kufika shauri lilipoitwa. Hulazimiki kuthibitisha yote mawili.

Siku 30 zimo katika jedwali la Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, ile inayoweka muda wa kufungua mashauri na maombi, na mimi nazihesabu kuanzia tarehe ya hukumu. Kwa hiyo umechelewa, lakini hujafungiwa mlango, kwa sababu kifungu cha 14 cha sheria hiyohiyo kinaipa mahakama uwezo wa kuongeza muda hata kama muda umekwisha kupita, mradi utoe sababu ya kuridhisha. Anza na maombi ya kuongezewa muda, kisha ndiyo uje na maombi ya kutengua.

#3 Jalada Kavu
Nasahihisha kidogo chapisho namba 2, kwa nia njema. Kanuni ya 13 ni namba ya zamani. Tangu toleo la sheria la mwaka 2019 kanuni hizo zilipangwa upya, na ile ya mdaiwa kuomba kutengua hukumu ya upande mmoja ikawa Kanuni ya 9. Sasa tunalo pia toleo la 2023, kwa hiyo kabla ya kuandika namba yoyote, fungua kitabu kipya usome mwenyewe. Mahakama za sasa haziangushi maombi kwa sababu tu ya namba iliyokosewa kama zinao uwezo wa kutoa kinachoombwa, lakini hakuna haja ya kumpa mpinzani wako pingamizi la awali, yaani hoja ya kuyaangusha maombi kabla hayajasikilizwa, bila jasho.

#4 Karani Mstaafu
Nimekaa masjala miaka mingi, naomba niseme jambo ambalo mawakili hulisema mwishoni ilhali ndilo la kwanza. Usiandike hata sentensi moja ya kiapo kabla hujaomba kukagua jalada. Ada ya kukagua ni ndogo, lipa, kaa kwenye benchi, ulifungue ukurasa kwa ukurasa.

Tafuta mambo haya kwa makini. Samansi iliyotoka ilikuwa ya aina gani, ya kufika mahakamani au ya kuwasilisha utetezi? Nakala iliyorudi ina saini ya nani, na mgongoni imeandikwa nini? Mara nyingi mgongoni mwa ile nakala ndipo mpeleka samansi huandika kwa mkono: "mdaiwa amekataa kupokea", na tarehe. Kisha tafuta hati ya kiapo ya mpeleka samansi, maana bila kiapo maneno yale ya mgongoni hayana uzito unaotakiwa. Halafu linganisha tarehe ya kiapo na tarehe ambayo hakimu aliandika kwenye mwenendo, yaani kumbukumbu za shauri, kwamba shauri lisikilizwe upande mmoja. Nimewahi kuona jalada ambalo amri ilitolewa siku tatu kabla mpeleka samansi hajaapa. Hukumu ile ilitenguliwa, na mabishano hayakuchukua hata nusu saa.

#5 Mdai Aliyechoka
Nimesoma kwa utulivu na sina ugomvi na mleta uzi, simjui. Naomba tu na sisi wa upande wa pili tusikilizwe.

Nilimdai mtu kwa miaka minne. Mpeleka samansi alikwenda kwake mara tatu. Mara ya kwanza mtoto alisema baba amesafiri, mara ya pili geti halikufunguliwa ingawa sauti ya redio ilisikika ndani, mara ya tatu alikutwa barabarani akasema huyo anayetafutwa si yeye. Nikathibitisha madai yangu, nikapata hukumu. Siku dalali alipofika, ndipo mdaiwa akakumbuka kwamba ana wakili, akaapa kwamba hajui lolote, hukumu ikatenguliwa, tukaanza upya. Shahidi wangu mkuu alikuwa ameshafariki. Kila mnapomfundisha mtu kutengua hukumu, mfikirieni na yule aliyefuata utaratibu wote na kuulipia.

#6 Mwenye Geti
Mkuu wa namba 5, pole sana, na nakuamini. Lakini mimi geti langu lina kengele na duka langu linafunguliwa kila siku saa mbili asubuhi. Mtu anayenitafuta hahitaji mara tatu.

Karani Mstaafu, ahsante. Kesho nakwenda kukagua jalada.

#7 Binti wa Chuo
Naona wote mmerukia Amri ya IX bila kuuliza swali ambalo Karani Mstaafu amelidokeza. Kama samansi iliyotoka ilikuwa ya kuwasilisha utetezi, mdaiwa alitakiwa kuuwasilisha ndani ya siku 21, na kama hakuuwasilisha, mahakama huenda ilitoa hukumu kwa kutumia Amri ya VIII, Kanuni ya 14. Hiyo ni hukumu ya kushindwa kuwasilisha utetezi, si ya kutofika siku ya kusikilizwa, na ina mlango wake wa kutokea ambao ni Kanuni ya 15 ya Amri hiyohiyo. Muda wake ni siku 21 tangu tarehe ya hukumu.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Mtu anayeomba kwa Amri ya IX siku ya 28 akidhani bado ana siku mbili anaweza kuambiwa kwamba alichelewa wiki nzima.

#8 Wakili wa Mkoani
Binti wa Chuo yuko sahihi kuhusu Kanuni ya 15, na Jalada Kavu yuko sahihi kuhusu namba. Nilikariri toleo la zamani. Ila nina neno moja. Hakimu akiwa ameshaamuru mdai alete ushahidi, mashahidi wakasikilizwa mmoja mmoja, kisha hukumu ikaandikwa kwa kuupima ushahidi huo, mimi huiita hukumu ya upande mmoja hata kama chanzo chake ni utetezi kutowasilishwa, na huenda kwa Amri ya IX.

#9 Binti wa Chuo
Kwa heshima, mkuu, hapo sikubaliani nawe. Kanuni ya 14 yenyewe inatambua kwamba kuna madai ambayo mdai lazima ayathibitishe kwa ushahidi hata kama utetezi haupo. Kusikilizwa kwa mashahidi hakuihamishi hukumu kutoka Amri ya VIII kwenda Amri ya IX. Kinachoamua ni mdaiwa alishindwa kufanya nini.

#10 Haki ya Asili
Tunazungumzia siku 21 na siku 30 kana kwamba Katiba haipo. Ibara ya 13(6)(a) inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Asiyepewa taarifa hakusikilizwa. Kwa maoni yangu, muda hauwezi kuanza kumhesabia mtu kabla hajajua, maana haki ya kuomba kutengua haiwezi kuzaliwa kwa mtu asiyejua kwamba kuna cha kutengua. Siku zihesabiwe tangu Jumatatu ile alipoikuta karatasi getini.

#11 Jalada Kavu
Hoja ya namba 10 inagusa moyo, na nimewahi kuiwasilisha mwenyewe, nikashindwa. Hakimu aliniambia kwamba jedwali la ukomo halina maneno "tangu alipojua", na kwamba bunge lilijua kuna watu watakaochelewa kujua ndiyo maana likaweka kifungu cha 14. Kutojua, kwa mtazamo huo, ni sababu ya kuongezewa muda, hakuuzuii muda kuanza.

Lakini nakiri kwamba wapo waliopita kwa hoja hiyohiyo mbele ya hakimu mwingine. Ndiyo maana namshauri mleta uzi asiweke maisha yake juu ya hoja moja. Aombe kuongezewa muda, hata kama anaamini hajachelewa.

#12 Rufaa Moja kwa Moja
Kwa nini mnamzungusha? Hukumu ikishatoka, kuna rufaa. Aende Mahakama Kuu, aeleze kwamba hakusikilizwa, mambo yaishe.

#13 Wakili wa Mkoani
Hapana, mkuu, na hili naomba lisimpotoshe msomaji yeyote. Mahakama ya Rufani imesema zaidi ya mara moja kwamba anayelalamikia kusikilizwa kwa shauri bila yeye kuwepo arudi kwanza kwenye mahakama iliyotoa hukumu. Sababu yake inaeleweka: Mahakama Kuu itajuaje kama samansi ilifika au haikufika, wakati ushahidi wa jambo hilo haujawahi kutolewa popote? Jalada linaloonekana kwenye rufaa lina maelezo ya upande mmoja tu. Akikataliwa kutenguliwa, hapo ndipo anapata rufaa dhidi ya amri ya kukataa, kwa Amri ya XL. Akikubaliwa, mdai hana rufaa, kwa sababu amri hiyo haimalizi shauri, inalirudisha tu lisikilizwe.

#14 Rufaa Moja kwa Moja
Na kama halalamikii kutokuwepo, bali anasema hata ushahidi wa mdai mwenyewe haukutosha kupata milioni 18?

#15 Wakili wa Mkoani
Hapo una hoja. Anayepinga mizani ya ushahidi peke yake, bila kugusa kutokuwepo kwake, wapo majaji waliomsikiliza kwenye rufaa, na wapo walioona kwamba lazima apite njia ya kutengua kwanza. Kwa mleta uzi, ambaye lalamiko lake kuu ni samansi, sioni mjadala.

#16 Mpangaji wa Zamani
Naleta yaliyonikuta mimi. Nilikuwa nimelazwa, kesi ikaitwa, ikasikilizwa upande mmoja. Niliomba kutengua nikiwa na uhakika kabisa, maana nani atamlaumu mgonjwa? Maombi yalitupwa. Kwanza, cheti nilichoambatisha kilionyesha nilitibiwa na kuruhusiwa siku moja kabla ya tarehe ya kesi. Pili, niliandika kwenye kiapo kwamba mke wangu alimpigia wakili kumjulisha, lakini mke wangu hakuapa kiapo chake. Hakimu alisema nimeapia maneno ya mtu mwingine.

Kwa hiyo, Mwenye Geti, ukiandika kwamba mwenyekiti wa serikali ya mtaa hakuwahi kumwona mpeleka samansi, mwombe mwenyekiti huyo aape mwenyewe. Ukiandika kwamba kijana wa dukani hakupokea karatasi yoyote, naye aape.

#17 Shamba Langu
Je, haya yote yanahusu pia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya? Mimi nilishindwa shamba huko bila kuwepo.

#18 Jalada Kavu
Baraza lina kanuni zake za mwaka 2003, Tangazo la Serikali namba 174. Kanuni ya 11 inakupa siku 30 za kuomba amri ya upande mmoja itenguliwe na baraza lilelile, na likikataa unakata rufaa Mahakama Kuu. Mahakama za Mwanzo nazo zina kanuni zao za mwaka 1964, na Zanzibar ina sheria yake ya mwenendo wa madai. Fungua uzi wako, mkuu, tutakujibu huko.

#19 Dada wa Masjala
Samahani, naomba nikatize. Mmejadili siku 21, siku 30, rufaa na Katiba, yote ni ya maana, lakini mleta uzi ana siku 14 za dalali, na kwa hesabu yangu tano zimeshapita. Kuwasilisha maombi ya kutengua hakumzuii dalali kufika na lori. Lazima aombe utekelezaji usimamishwe hadi maombi yake yasikilizwe, na aombe kwa hati ya dharura ili apangiwe tarehe ya karibu. Nimeona mtu akishinda maombi ya kutengua wakati makochi na mashine zake za kusaga vimeshauzwa, na kuvirudisha kutoka kwa mnunuzi wa mnada lilikuwa shauri jingine refu kuliko la kwanza.

Aidha, ajiandae kwa masharti. Mahakama inaweza kutengua hukumu kwa kumtaka alipe gharama, au aweke kiasi fulani mahakamani.

#20 Mdai Aliyechoka
Hilo la masharti ndilo lingeniponya mimi. Kama mdaiwa wangu angeamriwa aweke hata nusu ya deni mahakamani kabla ya kufunguliwa upya, angekuja na hesabu zake siku ya kwanza.

#21 Mwenye Geti
Nimetoka masjala sasa hivi, nimelisoma jalada. Naandika nilichokiona.

Samansi zilitoka mbili, zote za kufika mahakamani. Ya kwanza ilirudi bila maelezo. Ya pili ina kiapo cha mpeleka samansi, kinachosema alifika nyumbani kwangu, akanikosa, akabandika nakala "kwenye mlango wa mbao wa mbele unaotazama barabara". Nyumba yangu haina mlango unaotazama barabara. Ina ukuta mrefu, na penye ukuta kuna geti la chuma ambalo niliweka mwaka 2016. Mlango wa mbao uko nyuma yake hatua ishirini, na hauonekani kutoka nje. Nadhani alikwenda nyumba ya zamani, ile niliyokuwa nimepanga wakati wa biashara ya mbao.

Kuna jambo la tatu ambalo sikulitegemea. Baada ya hapo mahakama iliruhusu wito utangazwe gazetini, na kipande cha gazeti kimebandikwa kwenye karatasi nyeupe ndani ya jalada, jina langu likiwa sahihi kwa herufi zote. Sikuwahi kuliona gazeti hilo.

#22 Jalada Kavu
Hapa mambo yamebadilika, na sitakuficha. Amri ya V inasema wito uliofikishwa kwa njia mbadala, mahakama ikishaiamuru, una nguvu sawa na ule uliokabidhiwa mkononi. Kusema hukulisoma gazeti hakutoshi.

#23 Binti wa Chuo
Hakutoshi peke yake, lakini mahakama hairuhusu gazeti kwa matakwa ya mdai. Lazima iridhike kwanza kwamba mdaiwa anajificha, au kwamba hawezi kupatikana kwa njia ya kawaida. Na iliridhika kwa kutumia nini? Kwa kiapo kinachoeleza mlango usiokuwepo. Kikianguka kiapo, amri ya gazeti imesimama juu ya nini?

#24 Haki ya Asili
Hoja nzuri sana. Naongeza: apige picha za geti na ukuta, na alete risiti ya fundi ya mwaka 2016 kama bado anayo.

#25 Karani Mstaafu
Mwenye Geti, umesahau kutuambia jambo moja. Baada ya ushahidi wa mdai kusikilizwa, mwenendo unaonyesha kwamba ulipewa taarifa ya siku ya kusomwa hukumu?

#26 Mwenye Geti
Hapana. Imeandikwa tu "hukumu tarehe fulani", kisha ukurasa unaofuata ni hukumu yenyewe. Hakuna wito mwingine.

#27 Wakili wa Mkoani
Basi chukua kalamu uandike: Cosmas Construction dhidi ya Arrow Garments, katika taarifa za sheria za mwaka 1992, ukurasa wa 127. Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba mdaiwa asiyefika hupoteza nafasi ya kushiriki katika usikilizaji, na adhabu yake inaishia hapo. Bado ana haki ya kujua matokeo, na ni lazima ajulishwe siku ya hukumu kwa sababu yapo anayoweza kuyafanya baada yake.

Kwa mtu aliyechelewa hoja hii ina thamani ya pekee. Tangu kesi ya Katibu Mkuu wa Wizara ya Ulinzi ya mwaka 1992, kasoro ya kisheria katika uamuzi unaolalamikiwa inaweza kuwa sababu ya kuongezewa muda, mradi kasoro hiyo ionekane waziwazi kwenye jalada. Na hii inaonekana: ukurasa unaotakiwa kuwa na taarifa haupo.

#28 Jalada Kavu
Nakubali hoja, ila usiache mguu wa pili. Katika kesi ya Lyamuya Construction iliyoamuliwa mwaka 2011, Mahakama ya Rufani ilitaja mambo yanayoangaliwa: aeleze kipindi chote cha ucheleweshaji, kisiwe kirefu kupita kiasi, aonyeshe bidii, na kuwe na sababu nyingine nzito kama hiyo ya kasoro. Tangu Jumatatu ulipoikuta karatasi, kila siku inahitaji maelezo. Jumanne masjala, Jumatano ulifanya nini? Alhamisi je?

#29 Mpangaji wa Zamani
Hapo ndipo watu wengi huanguka. Mimi niliulizwa kuhusu siku nne tu, nikashindwa kuzieleza.

#30 Rufaa Moja kwa Moja
Je, anaweza kuunganisha maombi yote, ya muda, ya kutengua na ya kusimamisha utekelezaji, katika hati moja ili asilipe mara tatu?

#31 Binti wa Chuo
Wapo majaji wanaoruhusu pale ambapo mahakama moja ina mamlaka juu ya maombi yote na yanategemeana, na wanasema inapunguza utitiri wa mashauri. Wapo wanaosema huwezi kuomba kutengua ilhali muda bado hujapewa. Ningekuwa mimi, ningeomba muda na kusimamisha utekelezaji leo, la kutengua lifuate.

#32 Wakili wa Mkoani
Mimi ningeunganisha yote matatu, kwa sababu siku za dalali hazisubiri. Tumetofautiana, lakini yeye ndiye atakayesimama mbele ya hakimu, achague pamoja na wakili wake akiwa na jalada mkononi.

#33 Mwenye Geti
Nimepata wakili jioni hii. Mwenyekiti wa mtaa amekubali kuapa, na kijana wa dukani pia. Nimeorodhesha siku zangu tangu Jumatatu hadi leo, saa kwa saa, na picha za geti nimepiga kutoka pande zote mbili za barabara. Dalali amebakiza siku tisa, na hati ya dharura inawasilishwa kesho asubuhi.

#34 Mdai Aliyechoka
Mkuu, ukifika mahakamani, ile sehemu ya deni unayokubali mwenyewe, iweke mezani siku hiyohiyo bila kusubiri kuamriwa.